Kabla ya kuuliza hoteli za Mafia, uliza mwezi

Wanaoniuliza kuhusu Kisiwa cha Mafia huanza na hoteli: ipi nzuri, bei gani, umeme upo usiku kucha? Nami huwajibu kwa swali. Unakwenda wakati wa upepo wa kusi au wa kaskazi, na siku hizo maji yatakuwa bamvua, ya kujaa na kupwa sana, au maji mafu? Wengine hudhani naringa. Siringi. Matumbawe yapo palepale mwaka mzima, lakini siku na saa utakayoingia majini ndiyo itakayoamua kama utaona ukuta mzima wenye samaki wa kila rangi au utaona maji ya kijani na mkono wako mwenyewe.

Tuanze na upepo. Kaskazi huvuma kuanzia mnamo Novemba hadi Machi, kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba, na katikati yake kuna maleleji, siku ambazo pepo hubadilishana zamu na bahari ikatulia. Kusi ikipamba moto, bahari ya nje huchafuka na nahodha mwenye akili hatoki nje ya Ghuba ya Chole. Hiyo si hasara kubwa, kwa sababu ghuba yenyewe imekingwa na visiwa vya Chole na Juani na ina matumbawe ya kukutosha wiki nzima. Lakini kama unataka kuta za nje, zile zinazoteremka hadi usione chini, subiri Oktoba na kuendelea. Aprili na Mei ni masika. Hoteli nyingi hufunga, na wewe pia jipumzishie nyumbani.

Upepo ndio unaogawa wanyama pia. Potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa meupe mgongoni, huja karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kuanzia Oktoba hadi Machi. Vitoto vya kasa hutoka kwenye viota vya Juani wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti. Anayekuahidi vyote viwili kwa safari moja anakuuzia maneno.

Sasa maji. Wageni wengi hawalipi jambo hili uzito, na mimi ningeliweka mbele ya mengine yote. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita 3. Kwenye robo ya mwezi, maji ni mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Ukiifuata kalenda ya Kiislamu unaweza kuhesabu kwa vidole: bamvua huwa karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, maji mafu karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24. Na kwenye pwani yetu saa zenyewe hazibahatishwi. Siku za bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yanapokuwa yamejaa. Kila siku saa hizo huchelewa kwa karibu dakika 50.

Kwa nini ujali? Kwa sababu Ghuba ya Chole ina milango, na maarufu kati yake ni Kinasi, pale ghuba inapofungukia bahari kuu. Maji yakijaa, yanayoingia hapo ni maji safi ya baharini, ya buluu. Yakipwa, yanayotoka ni yale yaliyolala kwenye mikoko na mchanga wa ghuba, yamebeba tope na majani. Bamvua likiwa limeshika, mkondo wa mlangoni una nguvu ya kumchukua mtu mzima kama jani. Kwa hiyo siku nzuri kwa asiye mzoefu ni ya maji mafu: unatoka Utende, kijiji cha kando ya ghuba, asubuhi baada ya chai, unaingia maji yakiwa bado yanajaa taratibu, na saa nne yakisimama unakuwa juu ya matumbawe huku kumetulia. Panga siku zako tatu za kuingia majini ziangukie hapo kabla hujalipia chumba. Bamvua nalo lina faida yake: maji yakikauka asubuhi, mafungu ya mchanga kama Mange hutokeza katikati ya bahari, na kwenye miamba ya pwani utawakuta wanawake na vijana wakitafuta pweza.

Kuhusu hifadhi yenyewe, usitegemee uzio. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa 1995, ikiwa ya kwanza Tanzania, baada ya kupitishwa kwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ndani yake wanaishi watu: Utende, Chole, Juani, Jibondo na vijiji vingine. Imegawanywa kwa kanda. Kuna sehemu ambazo uvuvi umekatazwa kabisa, kuna zenye masharti ya zana na za wenyeji peke yao, na kuna za matumizi ya kawaida. Ukiona ngalawa yenye mishipi ndani ya hifadhi, usikimbilie kupiga picha na kulalamika mtandaoni. Huenda yule mzee ana haki kamili ya kuwa pale, na wewe ndiye mgeni. Baruti ndiyo haramu kila mahali. Kokoro, wavu wa kukokotwa, nalo limefukuzwa, kwa sababu linakwangua chini na kuzoa hata samaki wasiofika kimo cha kidole.

Ada hulipwa kwenye geti, njia ya kwenda Utende, na huhesabiwa kwa siku. Raia analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo chukua kitambulisho chako cha taifa. Dai risiti.

Mkiwa majini, ushauri wangu ni mmoja: chagueni tumbawe moja, mkae nalo. Watu huogelea kama wanakimbizwa, kutoka mwisho huu hadi ule, kisha wakasema wameona "samaki wengi". Elea juu ya jiwe moja kwa robo saa bila kupiga miguu. Utamsikia pono kabla ya kumwona, sauti ya kutafuna kitu kigumu, kru, kru. Anakwangua mwani kwenye tumbawe kwa meno yake yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na ukimfuata kwa macho utamwona akiachia nyuma yake wingu jeupe. Huo ni mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe tunaoulalia kwenye fukwe za namna hii imepitia tumboni mwa pono. Chini kidogo kuna pango, na ndani yake mkunga, samaki mrefu kama nyoka, anafungua na kufumba mdomo. Hatishi mtu, anapumua. Kisha chewa atakuja, mkubwa na mzito, atasimama pembeni ya jiwe na kupanua mashavu, na visamaki vyembamba vya buluu vyenye mstari mweusi vitamwingia mdomoni kumtoa vijidudu. Chewa havimezi. Vitatange wawili wawili watapita kati yao kama hakuna kinachoendelea.

Tumbawe lenyewe ni mnyama, au tuseme kijiji cha wanyama wadogo sana, wenye minyiri, walioungana kwenye nyumba ya chokaa wanayoijenga wenyewe. Ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwalisha wenyeji wao. Rangi nyingi unazoziona ni za hao wapangaji. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, tumbawe huwatoa wapangaji wake, likabaki jeupe pe. Halijafa bado, lakini lina njaa, na joto lisipopungua litakufa. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, jambo hilo liliikumba sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, na Mafia iliumia vibaya, hasa upande wa mwamba wa Tutia. Ilirudi tena 2016, kisha 2024. Kwa hiyo ukikuta uwanja wa vijiti vilivyovunjika na kufunikwa na mwani wa kahawia, usidhani mwenyeji wako amekupeleka mahali pabaya. Tazama kwa karibu katikati ya vijiti hivyo: mara nyingi kuna matumbawe machanga, mapana kama kiganja, yanaanza upya. Yale ya matawi hukua haraka, lakini yale ya mabonge huongeza milimita chache tu kwa mwaka, na bonge refu kuliko wewe lilikuwapo kabla ya babu wa babu yako.

Ndiyo maana usisimame juu yake. Mtu akichoka au maji yakimwingia kwenye mrija, kitu cha kwanza anachofanya ni kutafuta pa kukanyaga. Kama hujui kuogelea vizuri, vaa jaketi la kuelea na mshike mwongozo mkono. Hakuna aibu, na nahodha atakuheshimu zaidi. Jua nalo la Mafia halina huruma. Badala ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua mwili mzima halafu kuyaacha majini, ingia na fulana ya mikono mirefu na leggingsi au suruali ya kubana. Dada zangu wanaoogelea na baibui la kuogelea wamelitatua tatizo hili zamani. Na kabla ya kupanda mashua, muulize nahodha mtafunga wapi. Kama kuna boya, mnafunga kwenye boya. Kama hakuna, nanga iangukie mchangani.

Potwe anastahili maneno yake. Kwanza, ujue kwamba upande wa Kilindoni wanakoonekana uko nje ya mipaka ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo adabu ya pale inategemea sana nahodha na abiria wake. Wanafuata uduvi, na wengi wao ni madume machanga. Watafiti waliowafunga vifaa vya kutoa sauti waligundua kwamba wengi hawaondoki Mafia hata msimu ukiisha; wanahamia mbali kidogo na ufukwe na kina kirefu zaidi, tusiwaone. Madoa ya kila mmoja ni tofauti, na picha ya ubavu wake hutumika kumtambua akirudi. Tangu 2016 yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani.

Nimeshuhudia mashua moja ikimkata potwe njia ili abiria warukie mbele ya mdomo wake. Aliinamisha kichwa, akazama, asubuhi ile ikaishia hapo kwa sisi sote. Tangu siku hiyo kabla ya kulipa namuuliza nahodha:

"Mzee, tukimpata tunafanyaje?"

"Nazima mashine, mwanangu. Mnateremka kwa ubavu, polepole, kama mnaingia kwenye maji ya mtoto. Anayeruka, harudi majini."

Huyo mlipe. Anayejibu "usijali, utamshika" muage kwa heshima. Kaa mita 3 au 4 kutoka kwake, zaidi upande wa mkia, usiwashe taa ya kamera, na usijaribu kushindana naye. Ukiwa ubavuni na ukatulia, yeye mwenyewe atapita karibu kuliko ulivyotarajia.

Kwa wanaokuja wakati wa kusi, kuna Juani. Kasa hutaga kwenye fukwe za upande wa bahari kuu, na mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: ukiwa wa moto, wengi huwa majike. Zamani kiota kikionekana kilichimbwa, mayai yakaliwa. Siku hizi kuna wanakijiji wanaozunguka fukwe kila alfajiri kutafuta nyayo, kuweka alama na kuhesabu siku, kazi iliyojengwa na shirika la Sea Sense kuanzia 2001. Wao ndio watakaokuambia kiota kipi kinakaribia kufunguka, na wanaweza kukosea kwa siku moja au mbili, kwa hiyo acha nafasi kwenye ratiba yako. Simama nyuma ya mstari waliouchora, usimsaidie kasa mdogo hata akipinduka chali, na kama kumeshaingia giza, zima simu. Mwanga humpotezea njia akageuka nchi kavu.

Huko unafika kwa mashua kisha kwa miguu, ukikata kisiwa kupitia msituni. Vaa viatu vigumu, si ndala, maana ardhi ya Juani ni mawe ya matumbawe ya kale na yana makali. Beba maji na kitu cha kutafuna kwa wote mlio kwenye mashua, nahodha akiwemo. Maji yakipwa mkiwa bado upande wa pili, mtaikuta mashua imekaa mchangani, na hapo hakuna la kufanya ila kungoja yajae.