Maswali ya Wasomaji: Presha ya Mashine ya Kupumulia

SWALI: Tuna mgonjwa wa nimonia kali, eksirei inaonyesha weupe mapafu yote mawili. Ni mama wa kilo 85, urefu sentimita 160. Mashine tumeiweka ujazo wa pumzi mililita 510, pumzi 16 kwa dakika, PEEP (presha inayobaki mapafuni mwishoni mwa kutoa pumzi) 8, oksijeni asilimia 80. Kipimo cha oksijeni ya damu cha kidoleni kinasoma 86 na kengele ya presha haikomi. Tulipopandisha PEEP hadi 16 kwa mkupuo mmoja, presha ya damu ilianguka. Tuanzie wapi?
Muuguzi, wadi ya wagonjwa mahututi, Tanga

JIBU: Anzieni kwenye ujazo, PEEP isubiri. Hiyo 510 imetokana na kilo 85 mara 6, na kosa liko hapo. Mtu akinenepa, mapafu hayakui. Ukubwa wake hufuata urefu na jinsia. Kwa mwanamke chukua 45.5, ujumlishe 0.91 mara sentimita zilizozidi 152.4, kwa mwanamume anza na 50. Mama huyu anapata kilo 52.4, kwa hiyo mililita 6 kwa kilo ni kama 315. Sasa hivi anasukumiwa karibu mililita 10 kwa kila kilo. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2000, lenye wagonjwa 861 wa jeraha kali la mapafu, waliopewa mililita 12 kwa kilo walifariki asilimia 39.8, na waliopewa 6 asilimia 31. Urefu upimwe kwa futikamba mgonjwa akiwa amelala, usikisiwe kwa macho.

Shusheni kwanza hadi 420, kisha 365, kisha 315, ndani ya saa chache. Kila mnaposhusha ujazo, ongezeni idadi ya pumzi: 315 mara 26 inakaribia hewa ileile ya 510 mara 16. Msivuke 35 kwa dakika, na mtazame mchoro wa hewa inayotoka. Usiporudi sifuri kabla ya pumzi inayofuata, hewa inanasa kifuani. Kabonidayoksaidi katika damu itapanda kiasi, na hilo huvumilika mradi pH, kipimo cha asidi ya damu, isiporomoke. Kwa mwenye jeraha la kichwa msiivumilie.

Sasa pimeni presha ya plato, yaani presha iliyomo mapafuni hewa ikiwa imesimama. Bonyezeni kitufe cha kushikilia pumzi mwishoni mwa kuvuta, nusu sekunde, mgonjwa akiwa ametulia kabisa. Akivuta mwenyewe, namba hiyo haina maana. Isizidi sentimita 30 za maji. Kisha toeni PEEP kwenye plato. Tofauti inayobaki ndiyo inayonyoosha pafu kila pumzi, na tungependa iwe chini ya 15. Plato ikikataa kushuka chini ya 30, punguzeni ujazo hadi mililita 5, hata 4 kwa kilo.

Hapo ndipo PEEP inapandishwa, hatua 2 kwa wakati, ujazo usiguswe. Tuseme kwenye PEEP 8 plato ni 24: tofauti 16. PEEP 10, plato 25: tofauti 15. PEEP 12, plato 26: tofauti 14. PEEP 14, plato 30: tofauti imerudi 16. Hadi 12 vifuko vya hewa vilikuwa vinafunguka. Kwenye 14 vile vilivyokwisha kufunguka vimeanza kuvutwa kupita kiasi. Rudini 12, hata kama jedwali la PEEP na oksijeni linalotumika sana linasema 14 kwa oksijeni asilimia 80. Jedwali ni mahali pa kuanzia tu. Lengo la kidoleni ni 88 hadi 95, wala hakuna faida ya kukimbilia 100.

Presha ya damu ilianguka kwa sababu PEEP hubana mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, hasa mgonjwa akiwa amepungukiwa maji. Rudini hatua moja, mkague maji na dawa za usingizi. Lakini ikianguka ghafla, plato ikapaa na upande mmoja wa kifua ukawa kimya, fikirieni hewa iliyovuja nje ya pafu, na daktari aitwe papo hapo. Presha ya kilele, ile ya juu kabisa hewa ikiingia, ikipanda peke yake huku plato imetulia, tatizo liko kwenye njia ya hewa: makohozi, tyubu iliyokunjika, chujio lililolowa.

SWALI: Kila tukifyonza makohozi, oksijeni inashuka na kurudi kwake ni kwa shida. Kwa nini?

JIBU: Mnapochomoa mpira, PEEP inapotea na vifuko vinajifunga. Tumieni mrija wa kufyonzea uliofungwa usiohitaji kuchomoa. Kama ni lazima kuchomoa, baneni tyubu kwa koleo mgonjwa akimaliza kutoa pumzi, na mfyonze pale tu panapohitajika. Msijaribu kufidia kwa kusukuma presha kubwa sana ili kufungua mapafu: jaribio lililochapishwa mwaka 2017, likiongozwa kutoka Brazil, liliunganisha hatua hiyo na PEEP kubwa, na vifo viliongezeka.

SWALI: Hatuna kipimo cha gesi za damu. Tutajuaje ukali wa ugonjwa?

JIBU: Gawanyeni namba ya kidoleni kwa sehemu ya oksijeni. Vigezo vya Kigali vya kutambua jeraha kali la mapafu (ARDS), vilivyotoka Rwanda mwaka 2016, vinakubali 315 au chini, kidole kikisoma 97 au pungufu, pamoja na eksirei au altrasaundi ya mapafu inayoonyesha ugonjwa pande zote mbili. Kwa mama wa Tanga, 86 gawanya kwa 0.8 ni kama 108, yaani hali mbaya. Mgonjwa wa namna hii, akibaki hivyo baada ya mashine kurekebishwa, alazwe kifudifudi angalau saa 16 mfululizo, watu wanne au watano wakimgeuza na mmoja akiwa ameshika tyubu tu.