Barua kwa mwanangu: msamaha ulioutoa na deni lililobaki

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi ni wazima. Barua yako nilimsomea mama yako jana usiku baada ya sala. Nilipofika pale uliposema "nimemsamehe, Baba, lakini moyo haujatulia", aliinua macho akanitazama mimi, na sidhani kama alisikia yaliyofuata. Miaka yote hii, na bado ananitazama vile. Hapo nikajua nitakujibu nini.

Umeniuliza hivi. Mwenzako wa kazini, ambaye mnasali naye kikundi kimoja, aliichukua taarifa uliyoihangaikia miezi mitatu akaipeleka kwa mkuu wenu kwa jina lake. Akasifiwa, akapewa na cheo. Baadaye dhamiri ikamsuta, akakufuata mkiwa wawili tu, akalia, akaomba radhi, mkaomba pamoja, ukamsamehe. Sasa kila ukimwona mezani pake unatamani aseme kweli mbele ya mkuu, na unajiuliza kama tamaa hiyo ni kinyongo, kama msamaha wako uliishia mdomoni.

Habari za kinyongo chako sina la kusema sana. Moyo wako unaujua wewe na Mungu wako. Moyo ninaoujua mimi ni wa huyo mwenzako, kwa sababu niliwahi kukaa mahali pake.

Unaukumbuka mwaka nilioacha kuongoza nyimbo kanisani? Mliambiwa ni koo. Kaka yako alikuwa akiniletea maji ya moto ninywe, nami nikiyapokea na kumshukuru. Koo langu lilikuwa zima, mwanangu.

Wakati ule nilikuwa msimamizi wa stoo. Kila mwisho wa mwezi nilipaswa kuhesabu mali kwa mkono, rafu moja baada ya nyingine, ndipo nitie sahihi kwenye leja. Mwezi ule kazi ilinielemea, jioni ikaingia, na kwaya ilikuwa inanisubiri kwa mazoezi. Nikachukua hesabu ya mwezi uliotangulia, nikaondoa vilivyotoka kwa vocha, nikatia sahihi. Sikugusa boksi hata moja. Wiki mbili baadaye akaja mkaguzi. Leja ilisema maboksi 60 ya beringi. Rafuni yalikuwa 54. Kwa kuwa sahihi yangu ilithibitisha kwamba mwisho wa mwezi yalikuwa 60 kamili, ikaonekana hayo sita yamepotea ndani ya zile wiki mbili, na katika wiki mbili hizo funguo zilikuwa mikononi mwa kijana msaidizi wangu. Unamfahamu. Ndiye aliyekufundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yako ameshika kiti, na alipokiachia hukujua.

Nilikuwepo alipohojiwa. Alisema hajui, kisha akageuka akanitazama, mtazamo wa mtu anayengoja useme neno moja tu. Mimi nikainamia leja. Hadi leo naiona sahihi yangu pale chini ya ukurasa, wino wa bluu, mkia wa herufi ya mwisho nimeuvuta mrefu kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Akasimamishwa siku ileile.

Jioni nilimfuata alikokuwa akiishi. Nikamwambia yote: kwamba sikuhesabu, kwamba huenda maboksi yalipungua miezi mingi kabla yake. Nikapiga magoti. Akaniinua, akasema, "Yaishe, mzee wangu." Tukaomba pamoja. Nilirudi nyumbani mwepesi kama niliyetuliwa gunia. Mama yako alikuwa anakunja nguo, nikamsimulia huku machozi ya furaha yananitoka. Akakunja shati, akaliweka juu ya mengine, akaniuliza, "Na kwa mkuu umekwenda?"

Niliudhika, mwanangu. Nilimwambia mambo ya rohoni humalizwa rohoni. Nikamtajia msalaba, nikamtajia neema, nikamwuliza kama yeye anajua kusamehe kuliko yule aliyekosewa. Hakubishana nami, aliendelea kukunja nguo. Siku 19 nilikwenda kazini nikiwa nimesamehewa, na siku hizo zote jina la yule kijana lilikuwa jina la mwizi. Mara mbili nilifika hadi mlangoni kwa mkuu nikarudi. Nilikuwa na sababu: ninyi mlikuwa wadogo, kazi ilikuwa moja. Sababu hazikosekani. Siku ya 20 nikaandika barua, nikaingia nayo. Nikapewa onyo la maandishi, basi. Jambo lililonikosesha usingizi wiki tatu kasoro likaisha kwa karatasi moja ndani ya faili. Lakini kijana alikwishahama. Barua ya kumrudisha kazini ilitumwa ikarudi haijafunguliwa.

Nimekutana naye mara moja tu tangu hapo, baada ya miaka mingi, kwenye foleni ya kupanda basi. Alikuwa na mwanawe. Alinisalimia kwa heshima zote, akamwambia mtoto, "Huyu mzee alikuja mpaka nyumbani akaniombea." Nikamweleza kwamba baadaye nilikwenda kwa mkuu na jina lake lilisafishwa. Alinyamaza kidogo. Akasema asante. Kisha akasema, "Ingenifaa wakati ule." Hakuyasema kwa ubaya. Basi likaja wakapanda.

Kwa hiyo ninyi mkinikariri nyumbani, "toba ina miguu, toba ina miguu," kabla sijafungua kinywa, sasa mmejua ilikotoka. Toba ina miguu, mwanangu. Hutembea hadi pale madhara yalipofika. Kama kosa lilifika mezani kwa mkuu, toba ikikomea chumbani kwa aliyekosewa imeishia njiani.

Usidhani nimejitungia. Chukua lile neno la Mathayo 5 kuhusu mtu aliyeleta sadaka akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Bwana alilisema Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Waliokuwa wakimsikiliza walijua maana yake. "Iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Yaani Mgalilaya auache mnyama wake pale, arudi kwao siku zote hizo, apatane, kisha aianze safari upya. Na anayetumwa kutembea ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Mimi nilisoma mistari hiyo tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kuhesabu zile siku za njiani hadi nilipokuwa nimekwama mlangoni kwa mkuu.

Au Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru aliyetajirika kwa kuwanyang'anya watu. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka mkosaji aungame, arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne iliwekwa kwa mwizi wa kondoo, aliyekwisha kumchinja au kumwuza. Zakayo angeweza kuomba apimwe kwa kile kipimo chepesi, lakini alisimama akajihesabu pamoja na wezi wa kondoo: "namrudishia mara nne." Hakulia hata kidogo, au akilia Luka hakuona haja ya kuandika.

Lakini hapo najipinga mwenyewe, maana najua utanipinga. Utasema: na Yusufu, Baba? Yusufu alipotaka kujitambulisha kwa ndugu zake aliamuru, "Mtoeni kila mtu kwangu." Hakutaka Wamisri wasikie kwamba waliuza ndugu yao. Akaifunika aibu yao, na hilo ni tendo la upendo, nalikubali. Nimelifikiria usiku huu kucha, na sina jibu safi. Ninachoweza kukuonyesha ni hiki. Yakobo, baba yao, aliishi Misri miaka 17. Alipokufa tu, wale ndugu waliingiwa na hofu: labda sasa Yusufu atatulipa. Miaka 17 walikuwa wamekula mkononi mwake, wamesamehewa kwa machozi na mabusu, na bado walikuwa wakiogopa. Wakatuma maneno kwake, wakayaweka kinywani mwa baba aliyekwisha kufa, na Yusufu alipoyasikia akalia. Nadhani alilia kwa sababu alikuwa amewasamehe kweli na wao hawakuwahi kutulia ndani ya ule msamaha. Mwenzako naye akinyamaza mtasameheana kila asubuhi, naye kila asubuhi ataogopa kwamba leo ndiyo siku utakayosema.

Tena najipinga upande mwingine. Je, nina haki gani ya kumharakisha mtu? Mimi mwenyewe nilichukua siku 19. John Newton, mtunzi wa ule wimbo wa neema ambao mama yako huuimba akifagia, alimlilia Mungu kwenye dhoruba baharini mwaka 1748, na baada ya hapo akawa nahodha wa meli za watumwa hadi 1754. Alikuwa akisoma Biblia juu, na watu wamefungwa minyororo chini yake. Akawa kasisi mwaka 1764. Kukiri kwake hadharani, kijitabu cha kueleza aliyoyaona na kuyatenda, alikichapisha mwaka 1788. Hesabu mwenyewe: miaka 34 tangu ashuke melini. Lakini alipoanza kutembea alikwenda mpaka mbele ya wakuu wa nchi kutoa ushahidi, na aliishi kuona Bunge la Uingereza likipiga marufuku biashara ile mwaka 1807, mwaka aliokufa. Nikimfikiria huyo nashindwa kusema kwamba toba inayochelewa ni ya uongo. Halafu nawafikiria waliobebwa miaka hiyo 34 alipokuwa bado anajiandaa kusema, hao nao ingewafaa wakati ule. Nashindwa kumtetea pia.

Sasa najua unataka niseme: mwambie aende kwa mkuu, la sivyo nenda wewe. Ulimi unaniwasha. Ungekuwa hapa mbele yangu sijui kama ningeweza kujizuia. Lakini simjui mwenzako, sijui ana nini nyumbani kwake, wala sijui mkuu wenu ni mtu wa namna gani, na wewe si mtoto wa kushikiwa kiti cha baiskeli. Kwa hiyo sisemi. Nakukumbusha tu kwamba mama yako hakuniambia "nenda." Aliniuliza swali moja, wala hakulirudia, na siku zote 19 alinipakulia, alinisalimia, aliomba pamoja nami kama kawaida. Sijaona mtu mwenye kinyongo akifanya hivyo.

Basi nimekaribia kusema nilichosema sitasema. Nisamehe.

Jambo jingine dogo. Paulo alipomrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama kuna deni, yeye atalipa. Barua ile iliandikwa na Paulo, lakini aliyerudi ni Onesimo kwa miguu yake. Siku mwenzako atakapoamua kwenda, kama ataamua, huenda akahitaji mtu wa kufuatana naye hadi mlangoni. Mimi nilikwenda peke yangu, na ndiyo maana mara mbili za kwanza nilirudi. Sijui kama aliyekosewa anaweza kuwa mtu huyo. Ni jambo zito kuombwa. Lifikirie.

Nakala ya barua niliyompelekea mkuu bado ninayo. Mama yako ameihifadhi ndani ya Biblia yake, pale kwenye Filemoni, imekunjwa mara nne na wino umeanza kufifia. Ukija nitakuonyesha. Kaka yako hajui habari ya lile koo. Nataka nimwambie mwenyewe, kwa hiyo usinitangulie.

Baba yako