Mlima ndani ya maji

SWALI: Mambo, nilipiga picha Ziwa Ellis, upande wa Chogoria, Mlima Kenya. Vilele vimetoka poa lakini taswira yake majini ni nyeusi na inayumbayumba, na lenzi niliivisha polaraiza kabisa, ile filta ya kukata mng'ao. Shida nini?

JIBU: Poa ndugu. Hiyo polaraiza yenyewe ndo mchawi wa kwanza, kazi yake ni kukata mng'ao wa maji, na taswira unayoitaka ni mng'ao huohuo, so ivue au izungushe taratibu huku unachungulia mpaka vilele virudi majini. Afu jua kwamba hata bila filta taswira huwa na giza kuliko mlima wenyewe, maji hayarudishi mwanga wote, kwa hiyo pima mwanga usiunguze anga halafu nyanyua sehemu za giza baadaye ukihariri picha, au tumia filta ya giza nusu, ile yenye giza juu na wazi chini.

Kuyumba ni upepo tu. Ziwa liko mashariki mwa vilele, jua la asubuhi linavipiga usoni, we amka kukiwa bado giza maana mawingu hayachelewi kufunika. Ukikosa maji tulivu tafuta kidimbwi kidogo kwenye nyasi, chenyewe hakisumbuki sana, inamisha kamera karibu iguse maji.

Na fokasi! Usiweke kwenye uso wa maji, taswira iko mbali sawa na mlima, fokasi huko, tundu la lenzi f/11 linatosha kabisa. Betri ya pili iweke mfuko wa ndani, baridi ya kule inazimaliza haraka.