Kabla hujanunua CSU/DSU kwa ajili ya laini ya kukodi, soma hapa

Ndugu yangu wa Mbarara, umeuliza kama ununue ile CSU/DSU ya mtumba kutoka Marekani, kiboksi kinachokaa kati ya laini na rauta, eti laini ya kukodi (laini yenu peke yenu mnayolipia kampuni) ya kuunganisha ofisi yenu na ya Kampala haitapanda bila hicho kiboksi. Usitoe hela kwanza. Nimefunga hizi laini miaka mingi, Kampala, Jinja mpaka Arua, na hela nyingi nimeona zikipotea hapo hapo, mtu ananunua boksi kabla hajajua laini inaishia kwenye mlango gani.

Kazi yake ni hii. Rauta na swichi za ofisini zinatuma data pale tu kuna kitu cha kutuma, lakini laini za kukodi za zamani zimetoka kwenye mitambo ya simu, biti zinatiririka usiku na mchana hata kama hakuna mtu anayetuma chochote, na ncha zote mbili lazima zihesabu biti kwa mapigo yale yale, mafundi tunaita kloku. Sasa upande wa CSU unaangalia laini, unapokea ishara, unahesabu makosa, unakinga vifaa na umeme wa ajabu unaoingia na waya, na unamruhusu fundi wa kampuni ya laini kupima akiwa mbali. Upande wa DSU unaangalia rauta, unageuza zile biti ziende kwenye mlango wa siriali, mara nyingi V.35 lile plagi kubwa la pini nyingi, na unaipa rauta kloku. Siku hizi vyote viwili vinakaa ndani ya boksi moja, au kwenye kadi unayochomeka kwenye rauta yenyewe.

Na hiyo ya Marekani kuwa nayo makini sana, kule wanatumia aina ya laini iitwayo T1, chaneli 24 za kilobiti 64, na ukiongeza biti za kupanga fremu (mafungu ya biti) jumla ni megabiti 1.544 kwa sekunde. Huku tunatumia E1 kama Ulaya, chaneli 32, megabiti 2.048, na chaneli ya sifuri inabaki kwa kupanga fremu. Boksi la T1 pekee haliwezi kushika laini ya E1 hata ulipigie magoti.

Kitu kingine kinachosumbua watu ni plagi. E1 inaweza kuja na kebo mbili za koaksi (kama za antena ya TV) za omu 75, moja ya kutuma moja ya kupokea, au nyaya za kusokotwa za omu 120 zenye plagi inayofanana kabisa na ya Etheneti, ule mtandao wa kawaida wa waya wa ofisini. Mtu anachomeka kwenye swichi, taa haiwaki, anasema laini imekufa, kumbe E1 inatumia pini 1, 2, 4 na 5 wakati Etheneti ya megabiti 100 inatumia 1, 2, 3 na 6, na hata ukibadilisha pini ishara zenyewe ni tofauti.

Halafu kloku, hapa ndo pana maumivu. Upande mmoja tu ndo unatoa, kwa kawaida ni kampuni ya laini, rauta yako inafuata. Kila upande ukitumia yake laini itaonekana iko hewani vizuri tu, lakini makosa yanapanda polepole na paketi zinapotea. Kuna kiwanda Jinja walihangaika hivyo, kampuni ya laini inasema rauta ni mbovu, wakawa tayari kununua nyingine. Nikawaomba tupige lupu, yaani biti zirudishwe zilikotoka, kwanza kwenye boksi la ukutani, safi, halafu ncha ya mbali, makosa yakaanza. Mtambo wa kampuni wa ncha ile ulikuwa umeachwa kwenye kloku yake ya ndani baada ya matengenezo, badala ya kufuata ya mtandao wa kampuni. Rauta ile ile ikaendelea na kazi. Kwa hiyo daima piga lupu ya karibu kwanza, ndo usogee mbali, utajua tatizo ni la nani kabla ya kubishana na mtu.

Ila laini mpya za sasa nyingi zinakuja kwa faiba, na kampuni inakukabidhi mlango wa Etheneti wa kawaida kutoka kwenye konveta yao, kiboksi kinachogeuza mwanga wa faiba kuwa ishara za waya. Kama yenu ni hivyo CSU/DSU huihitaji kabisa, rauta yenye mlango wa Etheneti inatosha. Cha kuangalia ni kwamba ukifunga kasi na dupleksi kwa mkono upande mmoja na mwingine ukauacha otomatiki, ule wa otomatiki utaangukia hafu dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu, na laini itakuwa nzito ajabu kila watu wakizidi. Na kama konveta ni za uzi mmoja wa faiba basi zinakuwa jozi, kwa mfano moja inatuma mwanga wa nanomita 1310 na nyingine 1550, ukiweka mbili za aina moja hazitaonana.

Radi pia msiisahau banange, faiba yenyewe haipitishi umeme ila waya wa pawa wa konveta unapitisha, kwa hiyo ethi nzuri (waya wa kupeleka umeme ardhini) na UPS ni lazima.

Waulize watu wa laini wanakabidhi E1 au Etheneti, plagi gani, na kloku inatoka kwa nani. Wakijibu weka hapa pamoja na picha ya milango ya nyuma ya rauta yenu, nitakuambia kama kuna kadi ya kununua au mnachomeka tu.