Dumu la Njano Juu ya Mwanzi

Wadogo zangu, kila Jumamosi tukimaliza mazoezi ya uigizaji hapa Nsambya hakosi mmoja wenu wa kunifuata hadi getini na kuniambia, "Dada, mimi nataka filamu za kutisha," au zile za roboti na viumbe wa sayari nyingine. Nafurahi sana kusikia hivyo. Nilipoanza mimi, msichana wa Kampala akiitwa kwenye usaili alijua atapewa mke anayelia au mke mwenza mwenye wivu. Leo kijana mwenye kompyuta nzuri anaweza kumsimamisha mnyama wa ghorofa tatu katikati ya Kisenyi. Lakini mnyama huyo hayupo siku ya kushuti. Anakuja wiki kadhaa baadaye, kwenye meza ya mhariri. Siku ile mbele ya kamera uko wewe na hewa, na mtazamaji atamwona mnyama kwenye macho yako kabla hajamwona kwenye skrini.

Mnyama wangu wa kwanza alikuwa dumu la njano la lita 20. Tulikuwa kwenye shamba la migomba upande wa Gayaza, saa tano usiku, dumu limefungwa kwenye ncha ya mwanzi, kijana mmoja analiinua, na sisi waigizaji wanne tumeambiwa tuliogope. Tukaliogopa kweli. Kufika saa nane kijana wa watu alikuwa amechoka, mikono inatetemeka, mwanzi umeshuka hadi usawa wa kifua, nayo macho yetu yakashuka nao bila mtu kugundua. Filamu ilipotoka, mnyama alikuwa ameipita migomba kwa urefu. Mimi namtazama magotini, mwenzangu anatazama pengo kati ya miguu, wa tatu ameelekeza uso kwenye mwezi. Ukumbi ulicheka palipotakiwa watu washike pumzi. Iliniuma mno, kwa sababu hofu yangu usiku ule ilikuwa ya kweli na haikusaidia kitu.

Tangu hapo, kabla taa hazijawashwa nauliza mnyama ana urefu gani na jicho lake liko wapi. Kisha natafuta alama isiyochoka: tundu la ukutani, kona ya bati, kitambaa chekundu kilichofungwa juu ya mti. Nawaonyesha wenzangu wote na tunakubaliana. Kama mnyama anatembea, tunahesabu pamoja kimoyomoyo: moja, yuko mlangoni; tatu, amefika dirishani. Muongozaji akikuona msumbufu, vumilia. Wakati wa kuhariri atakuelewa.

Sasa mtazameni Lupita Nyong'o. Sisi wa Kampala tunamkumbuka kama Harriet wa Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016 ambayo sehemu yake ilishutiwa Katwe penyewe, na wengi wenu mnamtaja kwa ile tuzo ya Oscar ya mwaka 2014. Mimi nawataka mkae na kazi zake nyingine: Us ya mwaka 2019, halafu A Quiet Place: Day One na The Wild Robot, zote mbili za mwaka 2024. Katika ya kwanza amebeba watu wawili wenye uso mmoja, Adelaide na Red. Katika ya pili amenyang'anywa karibu sauti yote, maana viumbe wavamizi wa filamu hiyo wanawinda kwa kusikia. Katika ya tatu amenyang'anywa mwili: ni Roz, roboti wa katuni, na kilichobaki mkononi mwake ni sauti tu. Ukizitazama tatu hizo kwa kufuatana, ukiwa na daftari, umepata shule.

Red anaongea kwa sauti iliyokwaruza, kama pumzi inayokwama kooni. Lupita alieleza kwamba alifanya kazi na daktari wa masikio, pua na koo, na mtaalamu wa tiba ya sauti, na mwalimu wake wa matamshi, ili aweze kuitoa sauti ile bila kujiumiza, kwa kuwa alikuwa na wahusika wawili wa kucheza. Mwigizaji mwenye Oscar nyumbani bado anakwenda kwa daktari kabla ya kukwaruza koo lake! Mimi usiku ule wa Gayaza nilimaliza ukelele wangu wote kwenye picha za mbali, ambako sura yangu ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Zamu ya picha ya karibu ilipofika, alfajiri, koo lilitoa upepo mtupu. Wakaniwekea ukelele wa msichana mwingine. Kwa hiyo ombeni kujua mpangilio wa sini za usiku huo, na ukelele upi ndio utakaotumika. Kwingine fungua mdomo, kaza shingo, acha sauti. Utairekodi siku nyingine, umekaa, maji ya uvuguvugu yako pembeni.

Kuna jambo jingine kuhusu sauti ya Red. Lupita alisema ilitokana kwa sehemu na ugonjwa halisi unaokaza misuli ya koo, na watu wanaoishi nao wakaumia kuona hali yao imefanywa alama ya ubaya. Aliomba radhi hadharani. Hapa kwetu skripti ikitafuta cha kutisha hukimbilia mtu mwenye ualbino, mzee mwenye kibyongo, mjane anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Nawasihi mkatae. Watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa katika ukanda wetu huu kwa sababu ya ushirikina. Sitaki sura ya mwanafunzi wangu iwe kuni kwenye moto huo, hata kwa malipo mazuri.

Kwenye A Quiet Place: Day One, Sam ni mgonjwa wa saratani anayepita New York iliyovamiwa, paka wake mikononi. Lupita mwenyewe alikuwa anaogopa paka, na ikabidi azoeshwe taratibu kabla ya kazi. Tazama anavyotumia pumzi. Wiki mbili zilizopita nilimwita mdogo wenu mmoja mbele, nikamwambia kuna kitu kinatembea juu ya mabati. Akapiga kelele, akakimbia, akaanguka. Nikamwomba arudie akiwa anaosha kikombe, asitoe sauti, asiangalie juu. Akaosha. Akasugua ndani, akasugua mkono wa kikombe. Ghafla kidole gumba kikasimama. Maji yaliendelea kutiririka, bega moja likapanda kidogo, pumzi haikutoka. Ukumbi mzima ukainua macho kwenye dari. Mlikuwepo, mlijiona wenyewe.

Roz yeye anaanza na sauti ya mashine iliyotengenezwa kuhudumia, changamfu kwa kila mtu kwa kiwango kile kile. Kadiri anavyomlea kifaranga wa bata bukini, sauti inapata uzito, na huwezi kuonyesha kwa kidole neno lililoibadilisha. Hiyo haiji kwa bahati. Wekeni alama kwenye skripti: hapa bado ni mashine, hapa ameanza kujali. Jirekodini kwa simu, chini ya blanketi ili bodaboda zisiingie, kisha sikilizeni bila kujihurumia.

Na mnaotegemea hisia zije zenyewe, kuna habari ya Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London wa wazazi kutoka Uganda. Mwaka 2011 alicheza sehemu moja ya tamthilia ya kisayansi ya Black Mirror, Jordan Peele akaiona, na njia ya kuingia Get Out, filamu ya kutisha aliyoiongoza Peele, ikafunguka. Peele, ambaye ndiye aliyeongoza pia Us, alisimulia kwamba kwenye usaili Kaluuya alirudia sini ile ngumu karibu mara tano, na kila mara chozi likadondoka mahali pale pale. Chozi la mara moja halitoshi. Kamera itahama, taa itazimika, jenereta ya jirani itanguruma, na utaambiwa urudie.

Kuhusu damu, ulizeni imetengenezwa na nini kabla haijafika mdomoni. Hata pale Wakaliga, kwa Isaac Nabwana, ambako filamu za mapigano za bajeti ndogo zimejulikana dunia nzima, walianza na damu ya ng'ombe, na mwigizaji alipougua wakahamia rangi ya chakula. Jifunzeni kwa ugonjwa wa mwenzenu.

Mwisho, filamu hizi hushutiwa usiku, nanyi wengi mnaishi mbali. Kabla ya kusema ndiyo, uliza gari la kukurudisha litaondoka saa ngapi, litakufikisha wapi, na nani mwingine yumo. Ukijibiwa "tutaona," nipigie simu mimi, hata kama ni saa tisa usiku.