Gesi inayonisubiri ghorofa ya tatu

SWALI

Sista, habari ya kazi. Mimi ni dereva wa matatu, miaka 49, naishi Pipeline, Nairobi, ghorofa ya tano. Wiki tatu zilizopita, Jumamosi alfajiri, tukiwa stejini tunapakia watu wa kwenda mjini, kifua kilinibana ghafla kama nimekaliwa na gunia la viazi. Jasho likanitoka na ilhali ilikuwa baridi ya Julai. Taya la kushoto likawa zito kama nimetoka kung'olewa jino, kisha nikatapika kando ya gari. Makanga akaniletea soda, akaniambia nicheue. Baada ya dakika kama ishirini ikapoa. Nikapiga trip mbili, nikarudi nyumbani.

Kesho yake mama watoto alinikokota mpaka kliniki ya mtaani. Nikapimwa ule umeme wa moyo, wakasema uko sawa, ni gesi, wakanipa dawa ya asidi. Lakini siku hizi nikipanda ngazi za kwetu, nikifika ghorofa ya tatu kile kitu kinanibana tena. Nikisimama kinaachilia. Juzi kilinikamata ya pili. Mama watoto anataka turudi hospitali. Mimi naona nitachekwa, kwa sababu nimeshaambiwa ni gesi, na nikiacha gari siku moja tajiri hapati hesabu yake. Hii gesi inaisha lini? Na nikienda, niende bila kunywa chai?

Dereva, Pipeline

JIBU

Kaka, nilikupigia siku ileile barua yako ilipofika, maana jibu la swali kama hili haliwezi kungoja gazeti lichapwe. Nilikuambia uende kasualti jioni hiyohiyo, usiendeshe gari mwenyewe, na mama watoto afuatane nawe. Umeniruhusu kuichapisha barua, na nashukuru, kwa sababu najua wako wanaume wengi kwenye hizo ngazi za Pipeline wanaosimama ghorofa ya tatu wakijifanya wanatafuta funguo.

Gesi haihesabu ghorofa. Asidi ikikusumbua, mara nyingi itakusumbua baada ya kula, au ukilala chali usiku, na haijali kama umepanda ngazi au umekaa kitandani. Hiki chako kinakuja ukitumia nguvu na kinaondoka ukipumzika. Mwenendo huo ni wa moyo usiopata damu ya kutosha. Mishipa inayoulisha moyo ikiwa imebana, damu kidogo inayopita inatosha ukiwa umekaa. Ukianza kupanda, moyo unadai zaidi na mshipa hauna cha kuongeza. Lakini kilichonifanya nichukue simu ni lile neno lako “juzi”. Kimeshuka kutoka ghorofa ya tatu hadi ya pili ndani ya wiki chache. Maumivu mapya ya kifua yanayokuja kwa kazi ndogo kuliko jana hayasubiri kliniki ya wiki ijayo.

Sasa ile karatasi iliyosema uko sawa. Wewe ni dereva, utanielewa. Kuna gari linagonga likijaa abiria na kupanda mlima tu. Ulipeleke gereji likiwa tupu, fundi aliwashe likiwa limesimama, atasikiliza wee na hatasikia kitu. Fundi mzuri hakuambii gari ni zima, anakuambia tulipande twende nalo. ECG inaandika umeme wa moyo kwa sekunde chache wakati umelala pale. Ulipimwa siku ya pili, maumivu yakiwa yamekwisha. Kuwa sawa wakati huo ni habari njema, ila haifuti yaliyotokea stejini. Mtu anaweza hata kuwa na shambulio la moyo na ECG ya kwanza isionyeshe, ndiyo sababu hospitali huirudia.

Tena katika barua yako sioni mahali ulipotolewa damu. Msuli wa moyo ukiumia huachia kitu kiitwacho troponini kwenye damu. Huanza kupanda saa chache baada ya maumivu na hukaa juu kwa siku kadhaa, kwa hiyo hupimwa ukifika, kisha tena baada ya saa chache kuona kama inapanda. Siku ile ya pili ingetueleza mengi. Baada ya wiki tatu huenda imekwishashuka, na hapo daktari anahitaji njia nyingine: kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, kukutembeza kwenye mashine huku ECG ikiandika, au kupiga picha ya mishipa yenyewe kwa dawa maalumu. Presha, sukari na mafuta ya damu vitapimwa pia. Nikiandika haya bado uko kwenye vipimo, kwa hiyo sitabashiri.

Hapa nina langu la kukiri. Nilifanya kazi kasualti miaka mingi. Siku moja alikuja mama mmoja muuza mboga, mgonjwa wa sukari, akasema, “Sista, tumbo la juu linanichoma na nimechoka sana.” Niliandika “tumbo”, nikamweka kwenye foleni nyuma ya kijana aliyejikata kidole. Daktari aliyekuwa akipita ndiye aliyeliona jasho lililolowesha leso yake. Ilikuwa shambulio la moyo. Alipona, lakini alikuwa amekaa kwenye lile benchi karibu saa nzima, na msuli wa moyo uliokufa kwa kukosa damu hauoti tena. Wanawake, wazee na wenye sukari mara nyingi huja hivyo, bila kushika kifua kama kwenye sinema: uchovu, kichefuchefu, pumzi fupi, mgongo.

Kwa hiyo narudia yale niliyokuambia kwenye simu, kwa faida ya wenzako pia: ukifika dirishani usianze na “nina gesi”. Ukitaja gesi, umemwandikia daktari jibu kabla hajauliza. Sema: “Kifua kinanibana nikipanda ngazi, na wiki tatu zilizopita kilinibana nikatoka jasho na kutapika.” Sentensi hiyo inatakiwa ikupatie ECG ndani ya dakika kumi. Beba ile karatasi ya kwanza, na uipige picha kwa simu leo, kwa sababu wino wake hufifia. Na useme ukweli kuhusu sigara na muguka. Hukuvitaja, mimi ndiye niliyekuuliza kwenye simu ukacheka. Miraa na muguka hupandisha presha na kubana mishipa, na daktari anayejua atachagua dawa vizuri zaidi.

Kuhusu pesa: beba kitambulisho, na SHA, ile bima ya afya ya serikali, uiulizie palepale. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mama watoto anaweza kulisema hilo kwa upole, akiwa amesimama palepale dirishani.

Kikikubana tena kabla hujafika kwa daktari, kaa chini hapohapo, hata kama ni kwenye ngazi. Kisipoachilia kwa dakika chache, au kikija umekaa tu, piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kama aspirini haikudhuru na huna vidonda vinavyovuja damu, tafuna miligramu 300, usiimeze nzima. Usimeze dawa ya presha ya jirani. Na ile meseji inayozunguka kwenye simu, eti ukohoe kwa nguvu mpaka ufike hospitali, ifute. Ambulensi ikikwama, jirani mwenye gari akupeleke kasualti iliyo karibu inayofanya kazi usiku na mchana na yenye ECG. Ukipita kliniki ya kudungwa sindano ya maumivu umepoteza saa ambayo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ingefanya kazi vizuri zaidi.

Usukani uache mpaka daktari akuruhusu. Najua tajiri atanuna. Mpe funguo dereva wa zamu, mwambie makanga awaeleze abiria lolote analotaka. Una watu 33 nyuma yako, na kikikukamata Outering Road saa kumi na mbili asubuhi, hakuna ghorofa ya kusimama.

Na lile swali la chai: ECG na troponini havihitaji njaa. Kunywa au acha, mradi utoke.