Jibu: Mswada wa filamu ya hukumu ya kifo hauleti hofu

Ndugu, salamu kutoka Lubumbashi. Umeeleza kwamba mswada wako umekwama: askari anahukumiwa kifo mwaka 2010, apigwe risasi alfajiri inayofuata, na wenzako wa Goma walipousoma hawakushtuka hata kidogo.

Kabla ya kugusa mazungumzo, angalia huo mwaka. Kuanzia 2003 mahakama zetu ziliendelea kutoa hukumu ya kifo, lakini utekelezaji ulisimamishwa, na serikali haikuondoa zuio hilo hadi Machi 2024. Mtazamaji wa Kongo anahisi, hata bila kusoma sheria, kwamba mtu wako atazeekea gerezani. Nilifanya kosa hilo hilo katika filamu fupi, nikalirekebisha kwa kuihamishia hadithi baada ya 2024, na badala ya kuhesabu saa za kuelekea alfajiri nikaweka barua ya kuomba msamaha wa Rais, kwa kuwa Katiba inampa uwezo wa kufuta au kupunguza adhabu. Barua inapotea, mke anaifuatilia ofisi hadi ofisi (hapo ndipo mama yangu alipoacha kumenya mihogo), na hofu ikaja yenyewe.

Yule mlinzi anayelia katika mswada wako, mwondoe. Anatuamuru tuhuzunike kabla hatujahuzunika.